Matone 32 kwa Dakika

Mimi ni fundi wa mabomba mtaani Umoja, Nairobi, na viunga vyake. Watu hudhani kazi yangu kubwa ni kuziba mifereji inayovuja. Huku Eastlands kazi kubwa ni kuwafungulia watu maji yanaporudi. Mgao ukikauka siku nne, bomba hujaa hewa na kutu. Maji yakirudi na wewe ukafungua valvu yote kwa mkupuo, utasikia ukuta mzima ukigonga, gu! gu! gu!, na pahali fulani kiungo kitaachia. Kwa hiyo unafungua robo. Unasikiliza. Hewa inatoka ikikohoa, maji mekundu yanapita, ndipo unaongeza. Vijana wangu wa mkono nimewafokea kwa jambo hili mpaka wamenipa jina: Mzee Robo.

Naanza hapo ili uelewe aibu yangu. Maana usiku mmoja wa Agosti 2016, Mzee Robo huyu alifungua yote.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, darasa la nne. Mambo yalianza na maji. Mtoto ambaye ulikuwa ukimlazimisha kunywa kikombe kimoja, sasa anashinda kwenye mtungi. Usiku anaamka mara nne, tano, na mara ya tano hawahi choo. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu akiwa na miaka mitatu. Mama yake alimgombeza, mimi nikacheka nikasema ni baridi ya Agosti. Sketi ya shule ikaanza kushuka, ikashikiliwa kwa pini. Tukasema anarefuka.

Alipoanza kutapika tulimpeleka zahanati ya karibu. Wakampima malaria, hana. Wakampima taifodi, na taifodi ikaonekana, kama inavyoonekana kwa nusu ya Nairobi ukiitafuta. Tukapewa dawa. Njiani nikanunua pakiti ya unga wa glukosi na soda mbili, nimpe nguvu. Siku mbili nzima nilimkorogea mtoto wangu sukari nikidhani ninamtibu. Kidole kimoja kingetobolewa pale zahanati, tone moja la damu, hadithi ingeishia hapo. Lakini hakuna aliyefikiria sukari kwa mtoto. Kwetu sukari ni ugonjwa wa wazee wenye kitambi.

Ijumaa jioni nilirudi kazini nikamkuta anahema kama mtu aliyetoka kukimbia. Pumzi ndefu, za kina, zisizokatika, na mwenyewe amelala tu. Nilipoinama kumbeba, mdomo wake ulinuka kitu nilichokijua lakini si cha mdomoni: tunda lililoiva kupita kiasi, au ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Tukakodi gari la jirani.

Hospitali sitaitaja. Walichofanya usiku ule nakiheshimu, na kilichoharibika wakati ule nilikiharibu mimi.

Sista wa mapokezi hakuuliza hata jina. Alimwinamia mara moja, akanusa, akatoa kile kimashine cha sukari. Kikasoma herufi mbili: HI. Nikadhani kinatusalimu. Sista akanieleza bila kucheka kwamba maana yake ni sukari imepita 33, kipimo kimeshindwa kuhesabu. Ya mtu mzima wa afya asubuhi huwa kwenye 4 au 5. Mkojo ulikuwa umejaa ketoni, damu imekuwa tindikali. Daktari kijana akaniambia: mwili wa mtoto hauna insulini, na bila insulini sukari iko kwenye damu lakini haiingii kwenye nyama, kwa hiyo mwili umeanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ndio hizo ketoni, ndiyo hii tindikali. Ile pumzi ndefu ni mwili unajaribu kuupuliza nje. Nami nilikuwa nimemletea moto kuni, soda mbili na pakiti ya glukosi.

Walimpima uzito: kilo 22. Nakumbuka namba kwa sababu kila kitu baada ya hapo kilihesabiwa kutoka hapo. Saa ya kwanza alipewa maji ya chumvi mililita 220, kumi kwa kila kilo. Insulini haikutangulia, ilifuata baada ya saa moja hivi, kidogo kidogo. Kisha maji mengine yote aliyopungukiwa, daktari akasema, yatarudishwa kwa saa 48.

Saa 48! Mtoto midomo imepasuka, ulimi umekauka kama kipande cha ngozi, ananiangalia anasema, "Baba, maji," na hawa wanataka kumnywesha kwa siku mbili. Kunywa kwa mdomo alikatazwa. Niliruhusiwa kulowesha pamba na kumpangusa midomo, basi.

Mashine ya kuendesha dripu zilikuwa chache na zilikuwa zimewekwa kwa wengine. Kwa hiyo sista alishika saa yake, akainua macho kwenye kile kichupa kidogo chini ya chupa kubwa, akahesabu. Akasogeza kigurudumu kidogo cha plastiki kwenye mrija, akahesabu tena. Akaandika kwenye karatasi: matone 32 kwa dakika. "Baba, hii usiiguse," aliniambia. Alikuwa na wadi nzima mikononi mwake.

Sasa nieleze matone 32 kwa dakika yanaonekanaje kwa fundi wa mabomba. Yanaonekana kama mfereji mbovu. Ni kama yale matone ambayo mwenye nyumba hukupigia simu usiku kwa sababu hawezi kulala. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiyaangalia. Ti. Ti. Ti. Mama yake alikuwa amerudi nyumbani kumwangalia mdogo wake. Mara kwa mara sista alikuja, akatoboa kidole, sukari ikawa inashuka: 31, 28, 26. Nilikuwa naambiwa ni vizuri. Lakini mimi sikuiona sukari, niliona mdomo.

Ilikuwa kama saa saba usiku. Sista alikuwa mwisho wa wadi, kitanda kilichozungushiwa pazia, kuna mtoto aliyezidiwa. Binti yangu akafungua macho akasema, "Baba, maji," kwa sauti ambayo haikuwa sauti bali karatasi. Nikasimama. Kile kigurudumu kinafanana kabisa na koki ya bomba la nusu inchi, tofauti ni udogo tu. Nikakisukuma juu kwa kidole gumba. Matone yakaungana, yakawa uzi. Nikaona raha. Kweli, sitadanganya, niliona raha, kama ile ninayoona maji yakifika ghorofa ya tano.

Haikufika dakika ishirini. Chupa ilikuwa kwenye alama ya 400, sista aliporudi ilikuwa kwenye 100.

"Nani ameigusa hii?"

"Sijui, sista. Labda amejigeuza."

Aliangalia kigurudumu. Akaniangalia. Akakirudisha, akashika saa, akahesabu, akaandika kitu kwenye faili. Hakuuliza mara ya pili. Saa iliyofuata sukari ilikuwa 15, imeanguka kwa 9 kwa mpigo, wakati walikuwa wanataka isizidi kama 5 kwa saa. Akamwita daktari, wakabadilisha chupa, wakaweka yenye sukari kidogo ndani yake ili kuizuia. Nikashangaa kwa nini mgonjwa wa sukari anatiwa sukari, lakini sikuwa na uso wa kuuliza.

Saa kumi na nusu alfajiri aliniambia kichwa kinauma.

Hapa ndipo ninapowasimamisha wazazi wenzangu pale kliniki, na nitakusimamisha wewe pia. Tangu tufike hakuwa amelalamikia kichwa. Alikuwa ameanza kuchangamka, pumzi imeshuka, hata aliuliza kama mdogo wake amelalia mto wake. Kisha kichwa. Kisha akatapika, na kutapika kulikuwa kumekoma. Kisha akanikasirikia bila sababu, akasukuma mkono wangu, akageukia ukutani akalala. Mimi nikaona afadhali amepata usingizi. Nilipomgusa shuka lilikuwa limelowa. Nikasema moyoni, ni yale maji, yametoka. Nikaridhika.

Sista hakuridhika. Alikuja kupima, akamwita jina, akamwita tena kwa nguvu, akamfinya bega. Mtoto alinung'unika tu. Akahesabu mapigo: yalikuwa 130 jioni, sasa ni 62. Mimi ningesema moyo umetulia. Presha nayo ilikuwa imepanda. Akamfungua kope akapiga tochi. Halafu akafanya mambo matatu bila kukimbia na bila kusita: akakizungusha kile kigurudumu mpaka dripu ikabaki tone la hapa na pale, akainua kichwa cha kitanda, akakinyoosha kichwa cha mtoto kikatazama juu sawasawa, shingo isipinde. Ndipo akaita daktari, kwa sauti ambayo iliamsha wadi.

Daktari alisema neno moja, "manitoli," dawa ya kuvuta maji kutoka kwenye ubongo uliovimba. Sista akatoa chupa kabatini, akaiinua kwenye taa, akasonya. Ndani kulikuwa na chembe zinazometa, kama chumvi iliyokataa kuyeyuka. Dawa ile ikipigwa na baridi huganda hivyo, na Agosti ya Nairobi unaijua. Wakataka maji ya moto. Mhudumu mmoja akaleta chupa ya chai, ile ya maua mekundu, yenye maji ya moto ya wauguzi, wakamimina kwenye bakuli, wakaitumbukiza dawa, wakawa wanaizungusha na kuiinua kwenye taa, wanaizungusha na kuiinua. Nilihesabu matone 32 ya jasho langu mwenyewe. Chembe zilipokwisha na chupa ikapoa kidogo, wakamtundikia mililita 100, zikaingia kwa kama robo saa.

Ajabu ni kwamba dawa hiyo iliruhusiwa kwenda mbio. Ile ya kwanza ndiyo iliyotakiwa kwenda polepole.

Siku tatu alilala chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikimpumulia. Picha ya kichwa ilionyesha ubongo uliovimba. Mama watoto alikaa nje kwenye benchi akiniuliza, "Ilikuwaje? Si ulisema anaendelea vizuri?" Nami nikawa najibu kama nilivyomjibu sista. Sijui.

Siku ya nne walitoa mrija kooni. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Nilitoka nje ya chumba.

Siku chache baadaye sista yule yule alikuja kumpima akili. Jina lako? Akajibu. Shule yako? Akajibu. Saba mara nane? Mtoto huyu alikuwa bingwa wa hesabu za kuzidisha, alikuwa akizisema akiruka kamba. Akafungua mdomo, ukabaki wazi. Akaniangalia mimi nimsaidie. Ilichukua muhula mzima kurudi, na mkono wa kulia mpaka leo hutetemeka kidogo akichoka. Walituambia tumebahatika, na ni kweli. Ubongo kuvimba kwa namna hiyo huwapata watoto wasiofika mmoja kwa kila mia wanaotibiwa ketoni za sukari, mara nyingi ndani ya saa 12 za kwanza za matibabu. Lakini kati ya wanaopatwa, takriban mmoja kwa kila wanne au watano hufa, na wengine hubaki na ulemavu.

Nilibeba jambo hilo miaka mitatu. Fundi hubeba hivyo bila shida. Unaenda kazini, unafunga kiungo, unarudi. Ila nilianza kuchukia sauti ya mfereji unaodondoka, na nyumbani nilibadilisha vizibo vya mifereji yote hata isiyovuja.

Mwaka 2019, kliniki ya sukari, binti akiwa nje anapima uzito, nikamwambia daktari. Yule mama alikuwa mtu mzima, mwenye miwani ya kamba, na hakuacha kuandika aliposikia. Nilimwambia yote: kigurudumu, uzi wa maji, uongo. Nikamwuliza kama ni mimi niliyevimbisha ubongo wa mtoto.

Alichora mduara. Akasema zamani wote tulieleza hivi: sukari ikiwa nyingi kwenye damu, inavuta maji kutoka kwenye seli za ubongo. Ubongo unajitahidi, unajiwekea vitu ndani ili usikauke. Sasa wewe unamimina maji, sukari ya damu inaanguka haraka, lakini ubongo bado umeshikilia vile vitu vyake, kwa hiyo maji yanakimbilia huko. Sehemu nyingine ya mwili ikivimba ngozi hunyooka. Fuvu halinyooki. Nikamwambia nimeelewa, ni tangi la zege. Akasema, haya, ni tangi la zege.

"Lakini," akasema, akachora mduara mwingine. Huko Marekani walifanya utafiti, matokeo yakatoka mwaka 2018. Hospitali 13, watoto 1,255, na kwa kuwa wengine waliugua zaidi ya mara moja, matukio yalikuwa 1,389. Waliwagawa kwa kura: wengine maji ya haraka, wengine ya polepole, wengine maji yenye chumvi ya kawaida, wengine yenye nusu yake. Wakangoja waone nani ubongo wake utaumia. Mwishowe hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi yote manne. Walioumia ubongo waziwazi walikuwa matukio 12 tu. Kwa hiyo sasa wengi wanadhani maji siyo mshtakiwa pekee. Inawezekana ubongo unaumia kabla, mtoto akiwa amekauka na damu haiufikii vizuri, na uvimbe unakuja damu inaporudi. Wapo watoto wanaofika hospitali ubongo ukiwa umeshaanza kuvimba, kabla ya tone la kwanza. Na wanaopatwa zaidi ni kama wako hasa: mtoto, mara ya kwanza kugundulika, amechelewa, amekauka, tindikali kali.

Nilishusha pumzi. Aliniona nikiishusha, akavua miwani.

"Usikimbie, baba. Haraka yao wao ilipimwa kwa mashine, ikasambazwa kwa siku nzima na zaidi. Hata yale ya kwanza yalikuwa mililita 20 kwa kilo, na hesabu iliendelea kutoka hapo. Wewe ulimwaga mililita 300 kwa dakika ishirini juu ya alizokwisha kupewa, na sukari ikaanguka kwa 9. Hakuna aliyefanya utafiti wa baba aliyefungua koki. Siwezi kukuambia ni wewe. Siwezi kukuambia si wewe."

Halafu akaongeza, sasa akiandika tena, kwamba soda na zile siku mbili za dawa ya taifodi zilikuwa na uzito wao, na kwamba kabla ya Januari 1922, mvulana wa miaka 14 huko Toronto alipodungwa insulini kwa mara ya kwanza, mtoto kama wangu hakuwa na wa kumbishania. Alikuwa akifa tu. Sijui kama alitaka kunifariji. Ilinifariji kidogo, kwa njia ya pembeni.

Niseme la mama yangu mzazi, maana hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimejifunza kitu.

Desemba 2022 alikuja kutoka Machakos kula Krismasi nasi. Mama ana sukari ya wazee tangu zamani, anajichoma insulini, na moyo wake si mzima sana. Akapata kikohozi cha homa ya mapafu, hamu ya kula ikapotea, na akaacha sindano. "Sili, sasa nijichome ya nini?" Wazee wengi wana hesabu hiyo, nami sikuwa na habari mpaka siku ya tatu. Kumbe mwili ukiugua sukari hupanda hata bila chakula, na siku ya ugonjwa ndiyo siku ya kutoacha. Mjukuu wake ndiye aliyenusa mdomo. Alikuwa na miaka 15. Alitoka chumbani kwa bibi akasema, "Baba, ketoni," kama mtu anayesema mvua imeanza.

Hospitali nyingine, mtu mzima sasa, kwa hiyo maji ni kwa lita. Lita ya kwanza iliingia saa moja, akafufuka. Ya pili, akaanza kutukana chakula cha hospitali. Ya tatu ilipofika katikati, nikiwa nimekaa kwenye kiti kingine cha plastiki (vyote hutengenezwa na shetani mmoja), alisema anataka kukaa. Nikampandisha mto. Akasema bado. Akawa anakohoa, kikohozi kifupi chenye maji ndani yake, tofauti na kile cha homa alichokuja nacho. Kile kifaa cha kidoleni, cha kupima oksijeni, kilikuwa kinasoma 95 mchana. Sasa 90. Nikakitoa nikakirudisha, wakati mwingine kidole kikiwa baridi hudanganya. 88.

Sikugusa kigurudumu. Mikono niliiweka mapajani, nakumbuka, kama mtoto kanisani. Nikasimama nikaenda mpaka mezani pa sista. Nikamwambia: mama yangu alikuwa analala chali, sasa hawezi kulala, kikohozi kimebadilika, kidole kilikuwa 95, sasa ni 88, yuko kwenye lita ya tatu na moyo wake ni mgonjwa. Sista aliinuka kabla sijamaliza.

Alipiga kipimo mgongoni, chini kabisa, kushoto na kulia. Daktari wa zamu akasikiliza pia, halafu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale nimetoa macho, akachukua nywele zangu chache karibu na sikio akazisugua kwa vidole viwili. "Unasikia hiyo? Ndiyo iliyo kwenye mapafu ya mama." Maji yalikuwa yametoka kwenye mishipa yakaingia pale penye hewa. Akaniambia sababu huwa zaidi ya moja: maji mengi yanaipunguza nguvu ile protini ya damu inayoshikilia maji ndani ya mishipa, ugonjwa wenyewe unaifanya mishipa midogo ya mapafu ivuje, na pampu ikiwa dhaifu maji yanarudi nyuma. Mara chache hutokea hata kwa kijana mwenye moyo mzima. Kwa mzee mwenye moyo au figo mbovu, ndiyo kitu cha kwanza cha kuogopa.

Walipunguza dripu, wakamvisha barakoa ya oksijeni, wakamkalisha wima, wakampa sindano ya kukojoza. Insulini haikuacha. Mfuko wa mkojo ukaanza kujaa, nami nikaketi kuuangalia, safari hii nikifurahia maji yanayotoka. 90. 92. Kufikia asubuhi, 96.

Mama alivuta barakoa pembeni. "Kwetu Machakos watu wanakufa kwa ukame," alisema. "Nyinyi wa Nairobi mlitaka nife maji, tena juu ya kitanda."

Binti yangu amefika miaka 18. Mwaka jana, jioni moja kabla ya chakula, alikuwa mezani anajipimia insulini, kalamu ile anaizungusha, tik, tik, tik, anahesabu bila kuangalia. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, alikuwa ametoka kwenye mitihani. Mama yake nilikuwa nimemwambia wiki moja kabla. Alikuwa amenyamaza siku mbili, siku ya tatu akaniambia, "Na yeye mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Niliyasimulia vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma, nikaeleza mambo ya Marekani na hospitali 13 kabla hajajua ninazungumzia nini. Alijichoma tumboni, akahesabu mpaka kumi kama alivyofundishwa kabla ya kuchomoa sindano, akafunga kalamu.

"Kwa hiyo ile saba mara nane," akasema, "ni wewe?"

"Inawezekana."

"Nilichapwa na mwalimu kwa ile saba mara nane."

"Najua."

Alivuta sahani yake, akajipakulia sukuma, akanisukumia bakuli la ugali. Halafu akaninyooshea kijiko.

"Haya. Ni ngapi?"

"Hamsini na sita," nikasema.

"Kumi na mbili mara kumi na saba?"

Hiyo nilishindwa.